Nani Anasema Katika Daftari Hili?

Ferdinand de Saussure alifariki Februari 1913 bila kuandika kitabu ambacho leo kila mwanafunzi wa isimu, wa Geneva au wa Mlimani kule Dar es Salaam, hana budi kukijua. Alifundisha isimu ya jumla katika Chuo Kikuu cha Geneva kwa awamu tatu tu, kati ya 1907 na 1911, na karatasi nyingi alizojiandalia kwa ajili ya mihadhara hiyo alizichana baada ya kuzitumia. Alipokwisha kuzikwa, wanazuoni wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, walipekua meza zake wakitarajia kukuta muswada. Wakakuta vipande. Wao wenyewe hawakuwa wameihudhuria mihadhara ile, kwa hiyo hawakuwa na la kukumbuka. Ikawabidi waende kwa wanafunzi wakaombe madaftari. Kutokana na madaftari hayo kitabu kikatoka 1916, na taaluma ya lugha ya karne nzima iliyofuata ikasimama juu ya mwandiko wa vijana waliokuwa wakisikiliza.

Vijana wale hawakujua kwamba wanaandika kitabu. Albert Riedlinger, ambaye jina lake liliwekwa kwenye ukurasa wa mbele kama msaidizi wa wahariri, alikuwa akifanya kazi ile ile inayofanywa leo na msichana aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma cha ukumbi uliojaa: sikio kwa mhadhiri, jicho ubaoni, mkono karatasini. Kazi hiyo haina tuzo wala cheti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa ratiba, orodha ya vitabu na namba ya usajili, kisha anaachwa agundue mwenyewe namna ya kuandika notsi. Nataka kuisifu kazi hiyo, kwa kuwa naamini ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, mafundi wake na maadili yake.

Wengi hudhani kuandika notsi ni kuyahifadhi maneno ya mwalimu. Lakini msemaji hutoa maneno mia na zaidi kwa dakika moja, na hakuna mkono wa kawaida unaoweza kuyafuata yote. Anayejaribu kuandika kila kitu huishia na sentensi zilizokatika, na hata hizo huziandika bila kuzisikia. Anayeandika vizuri huupeta mhadhara kama mchele kwenye ungo: anaurusha, anauacha upepo upite, na kinachobaki ndicho kilichokuwa na uzito. Kila mstari anaouandika ni hukumu. Ameamua kwamba jambo hili ni hoja na lile ni mfano tu. Kwamba hapa mhadhiri anabishana na mtu asiyemtaja jina. Kwamba mzaha ule ulikuwa na shabaha. Uamuzi huo wote hufanyika ndani ya sekunde chache, huku sauti ikiendelea. Sijui kazi nyingine ya akili inayofanywa kwa kasi hiyo na watu wengi kiasi hicho, kila siku, bila kushangiliwa.

Hata hivyo uteuzi peke yake hautoshi. Kanuni kuu ya ufundi huu, kwa jinsi ninavyouelewa, ni kwamba daftari liweze kujibu, hata baada ya miaka thelathini, nani anasema katika kila mstari. Daftari la mwanafunzi hukaliwa na sauti tatu. Ipo sauti ya anayefundisha, au ya kazi inayosomwa. Ipo sauti ya macho na masikio ya mwandishi, yaani kile alichokishuhudia mwenyewe katika shairi, katika filamu, katika kinyago. Na ipo sauti ya wazo lake, shaka lake, swali lake. Sauti hizi zikichanganyika, mwandishi husoma notsi zake baadaye akashindwa kujua kama hoja fulani ni ya mhadhiri, ni ya kitabu au ni yake. Hapo huanza hasara mbili: anaweza kuiba bila kukusudia, na anaweza kuitupa akili yake mwenyewe akidhani ni ya mtu mwingine. Hasara hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi.

Kisa cha Geneva kinafundisha hata hapa. Bally na Sechehaye walifanya kazi kubwa na ya heshima, lakini waliyasuka madaftari yote yakawa sauti moja laini, kana kwamba Saussure alikaa akaandika mwanzo hadi mwisho. Ikawabidi wataalamu waliokuja nyuma yao waanze kuufumua msuko. Robert Godel alichapisha uchunguzi wake wa vyanzo hivyo mwaka 1957. Mwaka uliofuata yakajitokeza madaftari ya Émile Constantin, mwanafunzi wa awamu ya tatu, ambayo wahariri hawakuwahi kuyaona. Na ndiyo yaliyoonekana kuwa kamili kuliko mengine ya awamu hiyo. Ikadhihirika, kwa mfano, kwamba sentensi maarufu inayokifunga kitabu, ambayo vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimeikariri kama wosia wa mwalimu, haimo katika daftari lolote. Waliiandika wahariri. Kazi ya miaka mingi ya watu wenye elimu kubwa ilikuwa kulijibu swali ambalo daftari jema hulijibu lenyewe.

Ukurasa wenyewe unaweza kupangwa usaidie. Walter Pauk, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieneza mpango mmoja kupitia kitabu chake cha mbinu za kusoma kilichotoka 1962. Ukurasa hupigwa mstari wa wima, upande wa kushoto ukawa mwembamba na wa kulia mpana, na chini huachwa nafasi ya vidole vichache. Kulia huandikwa yanayosemwa. Kushoto, mhadhara ukiisha, huandikwa maswali na maneno ya kukumbushia. Chini mwandishi huandika muhtasari kwa maneno yake. Mpango huu umesifiwa kwa kuwa unasaidia kukumbuka, na ni kweli. Mimi naupenda kwa sababu nyingine: unampa mwanafunzi mahali pake pa kusema. Nafasi ile tupu ya kushoto inamdai. Ikibaki tupu hadi mwisho wa muhula, inamwambia kwamba amekuwa akisikiliza tu. Asiyetaka mistari anaweza kutumia kalamu mbili, ya buluu kwa ya mhadhiri na ya penseli kwa yake, au akaweka mabano ya mraba kila anapoingia mwenyewe. Alama si kitu. Mpaka ndio kitu.

Sasa kila somo lina mkono wake, na hapo ndipo ufundi huu unapotajirika.

Chukua fasihi. Mwanafunzi anasoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi inayoelea angani, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Anayeandika notsi kwa kusimulia hadithi atajaza kurasa nne na hataona jambo. Fundi atachora jedwali: jina la mjumbe, upande alikotumwa, manufaa aliyoyaleta, malipo aliyoyapata. Akifika mstari wa sita ataona kwamba pande zimekamilika zote, nne za dunia, pamoja na juu mbinguni na chini ardhini, na kwamba safu ya malipo imejaa kifungo kuanzia juu hadi chini. Hapo umbo la kitabu linajifunua mbele yake bila mhakiki yeyote kumwambia. Sasa anaweza kuuliza, kwenye safu yake ya kushoto: kwa nini mara sita? Je, marudio haya ni ya fasihi simulizi, ni ya wakili anayejenga ushahidi, au ni ya mwandishi aliyeishi chini ya utawala wa kikoloni na kujua kwamba jambo lisemwe mara nyingi ndipo lisikike? Swali hilo ni lake. Jedwali limemzalia.

Notsi za fasihi zinadai pia namba ya ukurasa, kila mara, hata kwa jambo dogo. Wanafunzi huliona hili kuwa usumbufu wa kikarani. Mimi naliona kuwa adabu. Namba ya ukurasa inamwambia msomaji: usiniamini mimi, nenda kaone. Inamrudishia mwandishi wa riwaya sauti yake.

Filamu inataka mkono mwingine kabisa. Riwaya itakusubiri ukiinamisha kichwa kuandika, filamu haisubiri. Anayeandika sentensi nzima gizani ameshapoteza picha tatu. Kwa hiyo mwanafunzi wa filamu hujifunza kuandika bila kutazama karatasi, maneno mawili mawili, kwa herufi kubwa na mistari iliyoachana, kisha hukaa mara taa zinapowaka na kuyajaza kabla hayajapoa. Na safu zake ni tofauti: kinachoonekana, kinachosikika, ninachodhani.

Tazama safu hizo zinavyofanya kazi katika La Noire de…, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegali ya mwaka 1966. Diouana, msichana wa Dakar, anawafuata waajiri wake Wafaransa hadi Antibes, akidhani anakwenda kulea watoto, na anajikuta mpishi na mfagizi asiyetoka nje. Anayeandika kisa tu ataandika hivyo. Lakini mwenye safu ya kinachosikika atagundua kwamba mbele ya waajiri Diouana hasemi karibu lolote, ilhali sisi watazamaji tunausikia moyo wake ukisema mfululizo, na kwamba sauti ile ya ndani si hata ya mwigizaji tunayemwona: anayeonekana ni Mbissine Thérèse Diop, anayesikika ni Toto Bissainthe. Na mwenye safu ya kinachoonekana atakuwa amekifuata kinyago: msichana anawapa waajiri kama zawadi, kule Dakar kinakaa kati ya vinyago vingine, kule Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, na baada ya kifo chake kinarudi nyumbani na kuvaliwa na mtoto anayemwandama yule mwajiri mtaani. Mwanafunzi aliyeandika neno kinyago kila kilipotokea, pamoja na mahali kilipokuwa, ana insha nzima mkononi. Hakuhitaji kuwa na akili nyingi kuliko wenzake, alihitaji safu.

Shule za filamu zina daftari lake la kujivunia. Sergei Eisenstein alifundisha uongozaji katika chuo cha filamu cha Moscow, na mmoja wa wanafunzi wake, Vladimir Nizhny, akaviandikia kitabu vipindi hivyo, kilichotoka 1958, miaka kumi baada ya mwalimu kufariki. Humo tunaliona darasa likifikiri. Mwalimu anawapa tukio la mapinduzi ya Haiti: Jean-Jacques Dessalines amealikwa chakulani na maofisa wa Kifaransa wanaotaka kumkamata, na inambidi atoroke. Meza iwekwe wapi? Mlango uwe upande gani? Aingie akitazamana na nani? Mwanafunzi mmoja anapendekeza, mwingine anapinga, mwalimu anauliza, na michoro ya sakafu inaonyesha watu wanavyosogea. Kilichokifanya kitabu hicho kuwa hazina ni kwamba Nizhny hakuandika majibu ya Eisenstein peke yake. Aliandika pia mapendekezo yaliyokataliwa. Mara nyingi mhadhara mzuri ni safari ya kuondoka kwenye jibu baya, na notsi zinazoacha jibu baya huacha pia sababu ya jibu jema.

Ukija kwenye sanaa za kuchonga na kuchora, maneno yenyewe huanza kushindwa, na penseli huchukua usukani. Mwanafunzi wa Mlimani hana haja ya kusafiri mbali. Soko la vinyago la Mwenge liko hapo karibu, na humo atakuta vinyago vya Wamakonde vya mtindo wa ujamaa: gogo moja la mpingo, na watu wamepandana kulizunguka, huyu amemshika yule mguu, yule amembeba huyu begani. Ukiandika kwamba ni mnara wa watu unaoonyesha umoja, umeandika kile ambacho kila mtu huandika. Jaribu kukichora. Mchoro mmoja hautatosha, kwa kuwa kinyago hiki hakina mbele wala nyuma; itakubidi ukizunguke na kuchora pande nne. Katika kuzunguka utaona kwamba mkono ulioudhani wa mzee ni wa mama aliye upande wa pili. Utaona mahali ambapo mchongaji ameacha ile sehemu ya nje ya mpingo iliyo nyeupe, na alipoingia hadi kwenye moyo mweusi. Utaona kwamba umbo la mti lilitangulia na watu wakalifuata. Hayo yote ni ushuhuda wa macho yako. Mchoro wako unaweza kuwa mbaya kwa sanaa na bado ukawa notsi bora kabisa, kwa sababu mkono hauwezi kuchora kiungo ambacho jicho halijakikubali.

Historia inauchukua ufundi huu na kuuweka mahali pa hatari zaidi, kwa kuwa hapo anayesema anaweza kuwa mtu wa mwisho anayejua. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907. Kwa miongo mingi baadaye kumbukumbu nyingi zilizoandikwa juu yake zilitoka kwa watawala wa Kijerumani. Gavana mwenyewe, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake mwaka 1909. Ndipo mwaka 1968, katika chuo kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa bado kichanga, wanafunzi wa historia wakatumwa vijijini kuwahoji wazee. John Iliffe alikuwa miongoni mwa waliouongoza mradi huo, na Gilbert Gwassa alikuwa akifanya utafiti wake mkubwa juu ya mwanzo wa vita hivyo. Hesabu mwenyewe: mzee aliyekuwa na miaka kumi na mitano bunduki zilipolia mwaka 1905 alikuwa na sabini na minane wanafunzi walipobisha hodi. Dirisha lilikuwa linafungwa.

Fikiri juu ya kijana yule mwenye daftari barazani kwa mzee. Ni mjukuu kwa umri, msomi kwa cheo, na pengine ni mtoto wa eneo lile lile. Ameshasoma vitabu, anayo nadharia. Mzee anasema jambo lisilolingana na nadharia. Kwenye dakika hiyo ufundi wa notsi unakuwa suala la haki. Akiandika alichotarajia, mzee amenyamazishwa mara ya pili. Akiandika kilichosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na jina la msemaji, kijiji na tarehe, kisha akaweka wazo lake pembeni, basi msemaji yule ameingia katika historia kwa miguu yake. Taarifa zilizotokana na kazi ile zimesomwa na kujadiliwa na watafiti wa nchi nyingi tangu wakati huo. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, naye wa chuo hicho hicho, akachapisha Kinjikitile, tamthilia yake juu ya vita hivyo hivyo. Mwanahistoria na mtunzi walikuwa wakiishi juu ya kilima kimoja, na nchi ilikuwa ikijifunza kujisikiliza.

Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa kazi hii kabla ya chuo kikuu chochote. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, yangeweza kutupotea kwa wingi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Mmisionari William Taylor akayaweka katika hati za Kilatini na kuyaandikia maelezo. Karatasi hizo zikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka. Muyaka alikuwa mshairi wa matukio. Shairi lake linajibu ugomvi, linachokoza jirani, linaitetea Mombasa. Bila mtu wa kueleza nani alikuwa amekasirika na kwa nini, ubeti unabaki fumbo tupu. Mwalimu Sikujua alikuwa na shairi, na alikuwa na habari za shairi. Anayetaka kufasiri fasihi yetu hana mwalimu bora zaidi wa notsi kuliko yeye.

Turudi kwenye vyuo vyetu vya leo, kwenye vimbweta na foleni za duka la fotokopi. Huko kuna madesa: notsi za aliyetangulia, zilizotolewa kopi, zikatolewa kopi ya kopi, hadi herufi zikapauka. Sitaki kuyalaani. Katika madesa kuna ukarimu mkubwa. Kuna kijana aliyeuguliwa akakosa mihadhara ya wiki tatu, akaokolewa na daftari la mwenzake. Kuna maktaba yenye nakala moja ya kitabu kinachotakiwa na wanafunzi mia mbili, na dada mmoja aliyekaa nacho usiku kucha akawatolea wenzake muhtasari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya chuo kikuu ni fikra. Waliozitunza kwa mkono wamewasomesha wengi.

Lakini desa lililopita mikono kumi limepoteza jibu la swali letu. Jina la mwandishi limekatwa na mashine, mwaka haumo, jina la mhadhiri halimo. Mfano uliotolewa kwa ajili ya siku fulani unasomwa kama kanuni ya milele. Shaka aliloliweka mwanafunzi wa kwanza kwenye pambizo limenakiliwa na wa pili kama hoja ya mhadhiri, na wa tatu amejibu nalo mtihani. Dawa yake ni nyepesi. Kila anayetoa desa aandike juu yake jina la somo, jina la mhadhiri, mwaka, na jina lake mwenyewe. Na kila anayelipokea alisome akiwa na kalamu mkononi, aliongezee safu yake. Hapo desa linageuka mazungumzo ya vizazi, na kila kizazi kina sahihi yake.

Simu imeleta njia nyingine. Sasa mwanafunzi anaweza kurekodi mhadhara mzima, kupiga picha ubao, na kupata programu ya kumwandikia muhtasari. Vifaa hivi vina manufaa ya kweli, hasa kwa asiyesikia vizuri, kwa mwenye mkono mgonjwa, kwa anayehoji wazee na kutaka kila neno. Nimewaona pia wenye saa nyingi za sauti ndani ya simu zao ambazo hawatazisikiliza kamwe. Kinasa sauti hushika vyote bila kuchagua chochote. Programu huchagua, lakini yenyewe haikukaa darasani ikashangaa. Kile kinachotokea ndani ya mtu anapoamua kwamba sentensi hii iandikwe na ile iachwe ndiko kujifunza kwenyewe, na hakuna anayeweza kumfanyia.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wanafunzi wa Tanzania. Mihadhara mingi ya vyuo vikuu vyetu, ukiacha ya Kiswahili chenyewe, hutolewa kwa Kiingereza. Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakinakili sentensi ndefu za Kiingereza neno kwa neno, nadhifu, zisizo na kosa, na zisizowaambia kitu. Na nimewaona wengine waliothubutu kuandika safu ya kulia kwa Kiingereza cha mhadhiri na safu ya kushoto kwa Kiswahili chao, kile wanachokitumia kubishania mpira. Hawa wa pili hugundua haraka zaidi mahali ambapo hawajaelewa, kwa kuwa mtu hawezi kulieleza kwa lugha yake ya kila siku jambo ambalo hajalishika. Siku wanapokaa kimbwetani kufundishana, safu ile ya kushoto ndiyo inayosomwa kwa sauti.

Na kazi haiishii ukumbini. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za mwanzo. Ndiyo maana fundi huyarudia maandishi yake jioni ile ile, wakati bado anaikumbuka hata sauti ya mhadhiri. Huyasoma, hujaza alipokatiza, huandika muhtasari wa mistari mitatu, na kubwa zaidi, huweka alama mahali asipokubaliana. Kesho yake anaingia semina akiwa na swali. Semina nzima inaweza kubadilika kwa swali moja lililoandikwa kwa penseli usiku.

Ndiyo maana nasema kwamba chuo kikuu ni kitu kilichojengwa kwa madaftari. Majengo hukarabatiwa, wahadhiri hustaafu, mitaala hubadilishwa. Kilichofundishwa kweli, yaani kilichotoka kinywani mwa mmoja kikafika akilini mwa mwingine, kimeandikwa mahali pamoja tu, kwa mwandiko wa aliyekipokea. Tunahifadhi mitihani na kumbukumbu za vikao. Madaftari ya wanafunzi tunayaacha yaliwe na mchwa juu ya kabati za wazazi au yafungiwe karanga. Katika madaftari hayo yumo mhadhiri aliyefariki bila kuandika kitabu, limo bishano la semina lililozaa tasnifu, zimo habari za wazee ambao hawapo tena. Idara zetu za fasihi, filamu, sanaa na historia zinaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa: kumfundisha mwanafunzi, katika wiki yake ya kwanza, kuandika notsi zinazojua nani anasema, na kumwomba mhitimu, katika wiki yake ya mwisho, aache daftari moja maktabani, lenye jina lake, mwaka wake, na pambizo zilizojaa mawazo yake.